Mkono wa Kushoto wa Anjalai

Siku ulipotimia mwaka tangu mkewe afariki, Kathiresan alipanda juu ya paa na jani la mgomba lenye wali. Wali ni wa kunguru. Kunguru akila, marehemu amekula. Asipokula, kuna neno. Bakuli moja la maji kando ya wali lingetosha. Yeye alipanga bakuli, kopo, sufuria, mfuniko wa sufuria na beseni la kufulia, yote yamejaa mpaka ukingoni.

Jirani yake Sadaiyan, fundi cherehani, alikuwa paa la pili anapiga mswaki.

"We Kathiresan! Umealika kunguru au umealika bata?"

"Sukutua mdomo kwanza, ndipo uutumie."

"Nauliza tu. Kama kuna kuogelea, niwalete wajukuu."

Kathiresan akampa mgongo. Akaita kunguru kwa sauti ya kukwaruza. Kunguru mmoja akaja, mkubwa, mwenye madaha. Akala wali mpaka punje ya mwisho. Maji hakuyagusa.

"Kunywa," Kathiresan akamwambia. "Kunywa basi, mama watoto."

Kunguru akamtazama kwa jicho moja, kisha akaruka zake.

Binti yake Poongodi alikuwa amesimama kwenye ngazi na sinia tupu, amesikia yote.

"Baba, haya maji yote ni ya nini?"

Hakutaka kusema. Akasema.

Kathiresan alikuwa dobi wa pasi. Mkokoteni wake ulisimama kwenye ukuta wa jumba la ghorofa huko Mylapore, mtaa wa jiji la Chennai, nyuma ya bwawa la hekalu, tangu masharubu yake yakiwa meusi. Pasi yake ya shaba, mkaa wake wa vifuu vya nazi. Shule hakuiona, wala hakuiulizia.

Mkewe Anjalai alikuwa anauza asumini kwenye lango la ukumbi wa ngoma, mtaa wa pili. Kazi nzuri ile. Mchezaji asipokuwa na maua kichwani hapandi jukwaani, hata awe binti wa nani. Basi milango ya nyuma ilikuwa wazi kwa Anjalai. Anaingia kumbandika mtu maua, anasahau kutoka. Anakaa nyuma ya pazia na kikapu mapajani, anatazama. Alitazama hivyo tangu ujana mpaka magoti yalipoanza kumlalamikia.

Na alichokiona alikibeba nyumbani. Kathiresan akichelewa, Anjalai hasemi kitu. Anageuza shingo, anainua nyusi, vidole vinaanza kufanya mambo yake hewani.

"Unafukuza nzi?" Kathiresan huuliza.

"Mmoja tu. Mkubwa. Ana masharubu."

"Sema kwa mdomo, mwanamke. Mungu kakupa ulimi."

"Ulimi nakuhurumia. Mikono ndiyo inayokusema."

Yeye hucheka, anarudi kwenye sahani yake. Ukumbini hakuwahi kutia mguu. Mkewe alimwalika kila msimu. "Nikatazame watoto wa matajiri wakikanyaga sakafu?" alimjibu kila msimu. "Mimi hukanyagwa bure, tena bila ngoma."

Jambo jingine: Kathiresan alikuwa na kisukari, na alikuwa na ulimi. Daktari alimkataza vitu vitamu. Yeye akavihamishia kwenye gunia la mkaa. Jioni anarudi nyumbani na midomo myeusi.

"Umekula mkaa?" Anjalai humuuliza.

"Vumbi."

"Vumbi lina iliki?"

Ndivyo walivyoishi, huyu akiiba, huyu akikamata, hakuna aliyechoka.

Kisha kiharusi. Kilimshika Anjalai upande wa kulia, kikachukua mkono, mguu, nusu ya uso na maneno yote. Akalazwa. Kathiresan akakaa kwenye benchi la korido. Jioni moja akapita kijana aliyejaliwa mapacha wodi ya pili, anagawa laddu, vile vitufe vitamu vya unga wa dengu, kwa kila aliyemwona, machozi na kicheko vimemchanganyikia usoni. Kukataa kitamu cha uzazi ni kumtakia mtoto mabaya. Kathiresan akala. Akala na ya pili. Mapacha ni wawili.

Akarudi kitandani kwa mkewe. Anjalai akamtazama sana. Kisha mkono wa kushoto, ule mzima, ukainuka kutoka kwenye shuka. Akakusanya vidole vitano pamoja, akavipeleka mdomoni mwake. Akanyoosha kidole kimoja kuelekea mdomo wa Kathiresan. Halafu akafungua kiganja, akakigeuza juu, polepole.

Mdomo. Wewe. Nipe.

Muuguzi alikuwa amesema: si tone. Maji yakipita njia mbaya yatamuua. Chupa ya maji ilikuwa mkononi mwa Kathiresan.

"Daktari kakataza, Anjalai. Kesho."

Anjalai akatikisa kichwa. Akarudia ishara. Nyusi yake ya kushoto ikapanda juu, peke yake. Kathiresan akageukia ukutani asionekane anavyolia. Kesho yake hapakuwa na wa kupewa maji.

"Nilimnyima," alimwambia Poongodi kwenye paa. "Mama yako amekufa na kiu, nami nimesimama na chupa."

Poongodi akaweka sinia chini.

"Nionyeshe alivyofanya."

Akamwonyesha. Poongodi akatazama, akaomba aonyeshwe tena.

"Baba, hiyo si maji. Maji ni hivi." Akainamisha dole gumba mdomoni. "Hata mlevi anajua."

"Basi ni nini?"

"Sijui. Mimi mikono ya mama ilikuwa inanitia haya mbele ya wenzangu, nilikuwa naikimbia." Akaokota sinia. "Alikoitoa unakujua. Msimu umeanza. Mchana kiingilio ni bure."

"Mimi? Ukumbini?"

"Au endelea kunywesha kunguru."

Mwezi wa Margazhi, Chennai nzima hushikwa wazimu mmoja. Kila penye paa na viti, mtu anaimba au anacheza. Mchana hupewa wasio na majina, jioni wenye majina. Kathiresan alivaa kikoi chake cheupe, kimepigwa pasi mpaka mikunjo ingekata kitunguu. Mlangoni akavua ndara.

"Mzee, vaa ndara," akasema bawabu, Dorairaj. "Hapa si hekaluni."

Kathiresan akachungulia ndani. Pembeni mwa jukwaa alisimama mungu wa shaba, mguu mmoja juu, shada shingoni, taa imewashwa mbele yake.

"Yule nani?"

"Mungu."

"Anafanya nini?"

"Anacheza."

"Basi mimi nimeshavua."

Akaziweka ndara kwapani. Dorairaj akamkazia macho.

"Wewe si mume wa Anjalai wa maua?"

"Ndimi."

"Pita, mzee, pita. Alikuwa akisema wewe hapa hutaingia mpaka ubebwe."

"Alisema hivyo?"

"Kila mwaka."

Ndani viti vilikuwa vingi na watu wachache, lakini karibu kila kiti kilikuwa na kitambaa cha mkono juu yake. Kathiresan alistaajabu watu wanavyopoteza vitu. Akachagua kiti cha safu ya nyuma. Kitambaa kilichokuwepo kilikuwa na makunyanzi mengi. Mkono wake haukungoja ruhusa: akakinyoosha pajani, akakikunja mara mbili, akakitia mfukoni, akakaa.

Hakukaa sana. Mwanamke mmoja wa makamo ya bibi, sari ya hariri, miwani, mfuko wa bajia unaonukia, akasimama mbele yake.

"Umekalia kiti changu."

"Hakikuwa na mtu, mama."

"Kilikuwa na kitambaa!"

"Kitambaa si mtu."

"Ukumbi huu kitambaa ni mtu! Kiko wapi?"

Kathiresan akakitoa mfukoni.

"Ati! Umeniibia?"

"Nimekukunjia. Mimi ni dobi, kilikuwa kinatia aibu."

Safu nzima ikacheka. Mwanamke akakitazama kitambaa chake kilivyonyooka. Kisha akainua kitambaa cha kiti cha jirani, akakisogeza mbele kiti kimoja, akakaa. Mwenye kitambaa kile akaja, akakuta kimehama, akasogeza cha mwenzake. Safu yote ikasogea hivyo mpaka ukutani, na mtu wa mwisho akasimama mchana kutwa.

Jina lake Komalam. Mjane wa karani wa reli. Msimu hata mmoja haujampita, na hata mmoja haujamridhisha.

Pazia likafunguka. Msichana mwembamba, macho yamepakwa wanja mpaka masikioni, njuga miguuni. Miguu ilikwenda kama mvua juu ya bati. Kathiresan hakuitazama miguu. Alitazama mikono, mdomo wake wazi, akingoja vidole vitano vikusanyike. Havikukusanyika.

Kisha mwimbaji akaanza. Maneno yalikuwa ya lugha yao, Kathiresan aliyaelewa yote. *Rafiki, nenda ukamwite aje.* Vizuri. Msichana akanyoosha mkono, akapepesa macho. *Rafiki, nenda ukamwite aje.* Haya. *Rafiki, nenda ukamwite aje.* Kathiresan akaanza kumwonea huruma mwimbaji. Mtu mzima, kasahau mstari wa pili mbele ya watu. Mpiga ngoma ya mridangamu anampigia kumkumbusha, hakumbuki. *Rafiki, nenda*…

"Ameshasikia!" Kathiresan akapaza sauti. "Rafiki keshakwenda! Wewe endelea mbele!"

Mwimbaji akafumbua macho. Mpiga ngoma akainama ghafla, mabega yanatikisika. Komalam akamvuta kikoi.

"Kaa chini, balaa wewe! Hajakwama."

"Neno moja tangu nimekaa!"

"Neno ni moja, linalosemwa ni mengi. Tazama mikono. Kwanza kasema, pita njia ya bustani. Pili kasema, usimwambie nimelia. Tatu kasema, haya, mwambie nimelia."

"Si aseme kwa mdomo basi."

"Amesema! Wewe ndiye hukusikia."

Kathiresan akakaa chini. Maneno yale aliwahi kuambiwa, kwenye jiko lake mwenyewe.

Wakati wa mapumziko wote walikwenda kantini, maana wapo wanaokuja kwa ngoma na wapo wanaokuja kwa bajia, na wa bajia ndio wanaofika mapema. Kathiresan akamfuata Komalam kwenye foleni ya kahawa.

"Mama, hii ni nini?" Akafanya ishara: vidole mdomoni, kidole mbele, kiganja juu.

Komalam hakufikiri hata kidogo. "Nyuki anakunywa ua."

"Nyuki gani?" akasema mzee mmoja nyuma yao, mdomo umejaa. "Hiyo ni tambuu. Malkia anamlisha mfalme tambuu."

"Tambuu huliwa na vidole viwili."

"Mfalme wako labda. Wangu ana mdomo mkubwa."

"Ni kasuku," akasema mwingine. "Tazama mdomo wa kasuku."

"Kasuku anafungua kiganja?"

"Anaomba pilipili!"

Wakabishana mpaka kahawa ikapoa. Kila mmoja akifanya ishara kwa mkono ulioshika bajia, bajia zikaruka. Mwisho Komalam akapiga meza.

"Mkono mtupu hausemi. Mkono unasemeshwa na uso. Dobi, uso ulikuwaje?"

"Nusu."

"Nusu vipi? Nusu ya hasira, nusu ya furaha?"

"Nusu ya kushoto. Ya kulia ilikuwa imekufa."

Pale mezani hakuna aliyemeza. Kathiresan akaeleza, kwa ufupi, kama anavyoeleza mambo yote: wodi, chupa, mkono. Laddu hakuzitaja. Aliona si mahali pake.

"Anjalai wa maua," akasema Komalam taratibu. "Alinibandika asumini siku ya harusi ya mwanangu." Akasukuma bajia mbele yake. "Kula. Kesho njoo mapema. Nitakuwekea kitambaa."

Basi asubuhi alipiga pasi, mchana alikwenda ukumbini. Dorairaj mlangoni hakumwacha.

"Mzee, naona kitambaa cha Bibi Komalam siku hizi kimezaa. Vipo viwili."

"Nyamaza, Dorairaj," Komalam humjibu kutoka ndani, "nisije nikakuwekea na wewe."

Kazini mambo yaliharibika. Mkono wa kulia unapiga pasi, wa kushoto unakusanya vidole, unafungua kiganja. Siku moja wa kulia ukasimama kumtazama mwenzake. Mwenye shati, meneja wa benki, akaja.

"Mzee, kola yangu imefanya nini?"

"Imeota jua."

"Jua la wapi lenye umbo la pasi?"

Lakini alikuwa anaanza kuona. Siku moja mchezaji aligeuza shingo, akaweka mkono kiunoni, akasukuma hewa kwa viganja viwili. Kathiresan akaruka.

"Hiyo! Hiyo naijua! Nilikuwa nafanyiwa nikitoka kilabuni!"

"Fyata ulimi," Komalam akanong'ona. "Anamwambia mumewe: rudi kwa huyo uliyelala kwake."

"Sikulala kwa mtu! Nililala chini ya mkokoteni!"

"Mimi unaniambia ya nini?"

Siku nyingine mchezaji akatembeza mkono kama mkonga, kisha akajigonga paji la uso. Hiyo pia aliijua, aliipata kila alipopika yeye. Akauliza.

"Tembo aliyeingia shamba la maua," Komalam akasema.

Kathiresan akafikiri.

"Sema, huyo tembo ni mzuri?"

"Ni tembo."

Akatembea kwenda nyumbani anatukanwa njia nzima, na kila tusi alilolikumbuka lilimpunguzia miaka. Mkewe alikuwa amempa vidonge vyake maisha yote, mbele ya macho yake, naye akijiongezea mchuzi.

Moja tu haikuwa tusi. Mchezaji alisimama mlangoni pasipo mlango, akainua kiganja juu ya macho, akatazama njia, akashusha, akainua tena. Anjalai alisimama hivyo kila jioni. Kathiresan alikuwa akimwuliza: "Mvua inakuja?" Naye alikuwa akijibu: "Imeshafika. Ingia."

Hakumwuliza Komalam maana yake. Akamwomba bajia.

Ila ile aliyoifuata haikutokea. Msimu ukaanza kuisha. Wachezaji wakapita, wakalia, wakanuna, wakasuka nywele, wakakimbiza vipepeo. Vidole vitano mdomoni, hakuna.

"Labda alikuwa ameitunga," akasema Komalam.

"Labda ni maji," akasema Kathiresan.

Komalam hakumbishia. Hilo lilimtisha Kathiresan kuliko yote, maana Komalam alibishana hata na saa ya ukutani.

Mchana wa mwisho alipanda jukwaani mwanamke mnene. Mwalimu wa shule kutoka Kumbakonam, inasemekana, aliacha ngoma alipoolewa, akairudia wanawe walipoota ndevu. Hatua ya kwanza mbao zikalia.

"Jukwaa lina bima?" akanong'ona yule mzee wa tambuu.

"Na taya lako?" Komalam akamjibu.

Mwanamke mnene hakurukaruka. Alikaa chini karibu na taa, akaanza kusukasuka maziwa, kamba ya mpekecho mikononi, mpekecho haupo. Akainuka, akatundika chungu cha siagi juu, mbali, akaenda zake. Hapo hapo akageuka mtoto. Unene wote ukayeyuka. Mtoto akanyata, akatazama kushoto, kulia, akapanda juu ya mgongo wa mwenzake asiyekuwepo, akatia mkono chunguni.

"Krishna," Komalam akasema. "Mungu akiwa mtoto. Mwizi wa siagi."

"Najua Krishna."

Mtoto akala. Akala na ya pili. Akajifuta, lakini alijifuta vibaya. Kisha akasikia hatua, akaweka mikono nyuma, akatazama juu kama malaika. Kathiresan akatabasamu. Uso ule aliujua kwa ndani. Aliuvaa yeye kila jioni.

Mama akaingia, mwili ule ule. Akatazama chungu. Akatazama mtoto. Mtoto akatikisa kichwa: si mimi, ni paka. Mama akamsogelea, akamtazama sana. Kisha mkono wake ukainuka. Akakusanya vidole vitano, akavipeleka mdomoni mwake: *umekula*. Akanyoosha kidole kwenye mdomo wa mtoto: *wewe*. Akafungua kiganja, akakigeuza juu, polepole: *fungua, nione*. Na nyusi yake moja ikapanda juu, peke yake.

Kathiresan akashika kiti cha mbele.

"Ndiyo hiyo," akasema Komalam. "Dobi, ndiyo hiyo. Mama anamwambia mwanawe afungue mdomo. Ila huyu kachanganya, kwenye kisa chenyewe alikula udongo… Dobi?"

Kathiresan alikuwa ameweka mkono kwenye masharubu. Laddu ya hospitali. Laddu mbili, zile za punje punje, za manjano, zinazomwagika. Alitoka koridoni moja kwa moja mpaka kitandani, hakujipangusa. Alisimama mbele ya mkewe na uso wa msiba, na masharubu yamejaa sherehe ya watu.

Hakuwa na kiu. Alikuwa anamkamata.

Mkono mmoja, nusu ya uso, mauti yamekaa miguuni pa kitanda, na bado alikuwa anamkamata. Naye akamjibu: "Daktari kakataza." Anjalai akatikisa kichwa, ndiyo, ndiyo, kakataza! Akarudia. Na yeye keshamwambia: "Kesho."

Kicheko kilianza chini sana, mahali alipodhani pameshazibwa. Akakibana. Kikapita puani. Kisha kikatoka chote. Alicheka ukumbi mzima ukageuka, alicheka mwimbaji akakosa mstari kikweli safari hii, alicheka ndara zikamtoka kwapani, na machozi yakapita njia yao humo humo bila kumwomba ruhusa.

"Mtoeni mzee huyo!" mtu akasema mbele.

"Atoke nani?" Komalam akasimama, sari na yote. "Utanitoa na mimi! Utavitoa na vitambaa!"

Mwanamke mnene jukwaani hakusimama. Alikuwa ameona mengi, na watoto wake walimfundisha yaliyobaki. Akageuza shingo kutoka kwa mtoto asiyeonekana. Macho yakavuka taa, yakavuka safu za mbele, yakatua nyuma kabisa, kwa mzee mwenye kikoi cheupe. Akamwashiria mwimbaji arudie. Mwimbaji akarudia. Vidole vitano mdomoni. Kidole kwa Kathiresan. Kiganja, juu. Nyusi.



Kathiresan akajipangusa masharubu kwa nyuma ya mkono, vizuri, upande huu na upande huu. Kisha akafungua mdomo, wote, mpaka jino la mwisho.

Mama akainama kuchungulia. Akashtuka, akaweka mkono kifuani. Komalam alimweleza baadaye kwamba mama yule huona ulimwengu mzima mdomoni mwa mwanawe, jua na bahari na nyota. Kathiresan alimjibu kwamba wake aliona unga wa dengu.

Siku ya giza la mwezi, ambayo nayo marehemu hulishwa, alipanda tena juu ya paa. Jani la mgomba, wali, bakuli moja dogo la maji. Juu ya wali, laddu.

Sadaiyan alikuwapo na mswaki wake.

"Bata wamehama?"

"Wamekwenda kwako. Wamesikia kuna mjinga."

Poongodi akapanda ngazi, akatazama jani, akatazama bakuli.

"Baba, na maji mengine?"

"Hana kiu."

"Umejuaje?"

"Nimeambiwa."

Kunguru akaja, yule yule mwenye madaha. Akaruka juu ya wali, akaenda kwenye laddu moja kwa moja. Poongodi akainama kuitazama.

"Mbona nusu?"

Kathiresan akatazama juu, mbali, kwenye mnara wa hekalu.

"Paka," akasema.